Mapitio: mshauri nasaha wa kuja shuleni, Dodoma. Tumelipia mihula miwili, haya ndo niliyoyaona

Mbukwenyi wana Dodoma na wengine wote. Walimu wengi mmeniuliza inboksi kuhusu hawa washauri nasaha wanaozunguka mashuleni, yaani mkuu wako anakuita ofisini anakwambia kuna watu wameleta proposo ya "ustawi wa akili kwa wanafunzi na walimu", bei yao hii hapa, wewe kama mwalimu wa malezi unaonaje. Sisi tumeshaitumia hiyo huduma kwa hiyo naandika mara moja ili nisirudie kumjibu mtu mmoja mmoja. Jina la kampuni siweki kwa sababu nina malalamiko nao, na jina la shule siweki kwa sababu bado nakula mshahara wa pale. Jueni tu ni sekondari binafsi, bweni na kutwa, nje kidogo ya mji, mchanganyiko.

Kabla hamjachoka kusoma: kwa upande wa walimu nawapa nne kati ya tano, kwa upande wa wanafunzi tatu, na hizo mbili zilizopungua kwa wanafunzi nusu ya lawama ni ya shule yetu wenyewe.

Bei ni laki nne kwa mwezi. Kwa hiyo hela mshauri anakuja Jumatano, anafika saa nne asubuhi anaondoka jioni wanafunzi wakimaliza michezo, na kila mwezi kuna sesheni moja ya walimu. Pia wanawafundisha walimu wawili wa malezi namna ya kumsikiliza mtoto na namna ya kujua huyu sasa siyo wa kwangu, apelekwe hospitali. Shule yetu ikaona isibebe mzigo peke yake ikaingiza elfu kumi kwa kila mwanafunzi kwenye ada ya muhula, imeandikwa "huduma za ustawi", na sisi tuna wanafunzi mia tatu na kitu, piga hesabu mwenyewe, chenji imeenda wapi hilo siyo la mapitio haya.

Sasa nianze na lililoharibika kwanza maana ndo lilitugharimu zaidi. Jumatano ya kwanza mwalimu wa zamu alisimama paredi na karatasi akasoma majina, "hawa wakimaliza uji waende kwa mshauri wa akili". Hivyo hivyo, mbele ya shule nzima. Watu wakaangua kicheko, na kijana mmoja wa Form Two huko nyuma akapaza sauti ya kondakta, "Mirembe hiyooo, wawili tu inaondoka!" Basi imeisha. Wale waliosomwa majina wengine walienda chooni wakajificha huko hadi kengele, waliofika kwa mshauri walikaa kimya wakijibu "sina tatizo madamu" hadi muda ukaisha.

Kwa mliopo mbali, Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko hapa hapa Dodoma mjini tangu miaka ya 1920 wakati wa Mwingereza, na ile Isanga ya watu waliofanya makosa wakiwa wanaumwa akili nayo iko chini yake. Ni hospitali kama zilivyo nyingine, watu wanaenda kliniki asubuhi wanachukua dawa wanarudi kazini. Ila mtoto wa Dodoma anakua akilisikia hilo jina kama tusi, umevaa soksi rangi mbili umetoroka Mirembe, umecheka peke yako kitanda chako kipo Mirembe. Kwa hiyo ukija hapa na huduma yenye neno "akili" ndani yake ujue unaanzia nyuma ya mstari, na hao jamaa walikuja na mpango uleule wanaoutumia Dar na Moshi, hakuna mtu aliyekaa chini akafikiria mtoto wa hapa akisikia hivyo anawaza nini.

Nimpe mshauri haki yake, alirekebisha haraka kuliko nilivyotegemea. Hakwenda paredi kuwahutubia eti msiwacheke wenzenu. Aliomba rejesta, akasema ataonana na Form Three wote, namba moja hadi ya mwisho, mikondo yote, dakika kumi kumi, kila mtu, hadi kaka mkuu, hadi yule wa kwanza darasani. Ilichukua wiki nyingi na mkuu alinuna kwa sababu aliona hela inaenda kwa watoto "wasio na shida". Ila hapo ndo kitu kilipogeuka, maana kila mtu akienda hakuna wa kuchekwa, na mwenye lake la kusema anaambiwa kimyakimya Jumatano ijayo pita saa ya michezo. Akishatoka nje hakuna anayejua huyu kaongea nini na yule kaongea nini. Kama shule yako inaanza, anzeni na hili, msisubiri mpaka muaibishe watoto kwanza kama sisi.

Halafu chumba. Jamani chumba. Walipewa stoo ya vitabu iliyopakana na ofisi ya nidhamu, ukuta haujafika juu kwenye bati, ukikaa kwa mwalimu wa nidhamu unasikia kila kitu hadi mtoto anavyovuta kamasi. Na upande wa pili mtoto anayetaka kuongea kuhusu baba yake anayelewa anasikia mwenzake anachapwa. Nilipomwambia mkuu akasema vyumba hakuna, kweli havikuwepo, mwishowe wakahamia nje nyuma ya maktaba, mabenchi mawili chini ya mwarobaini, mgongo kwa darasa ili anayelia asionekane uso. Mshauri alinieleza kwamba Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza hivyohivyo Harare mwaka 2006, akawafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu, leo inajulikana dunia nzima. Sawa, ila Zimbabwe sijui upepo wao ukoje, wa Dodoma mwezi wa saba na wa nane unaujua, vumbi linaingia mdomoni katikati ya sentensi, fomu zinaruka, mara mbili tatu nimeona mshauri anakimbiza karatasi za siri za watoto kiwanjani na watoto wenyewe wanamsaidia kuziokota. Tangu hapo wakaanza kutumia daftari.

Kuhusu fomu zenyewe. Wana karatasi yenye maswali tisa, ile ile inayotumika mahospitalini inaitwa PHQ-9, imetafsiriwa kwa Kiswahili. Inakuuliza wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na kukosa hamu ya kufanya vitu, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kuchoka, kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili, unajibu sifuri hadi tatu, jumla ya juu kabisa ni 27, na kuanzia 10 wanakuangalia kwa karibu zaidi. Siyo kipimo cha kusema unaumwa, ni cha kusema tuongee zaidi. Karatasi nzuri, shida mara ya kwanza waliigawa darasani, watoto watatu dawati moja, kila mtu anachungulia ya jirani kama mtihani wa wiki, sasa swali la tisa linauliza kama umewahi kuwaza bora ufe au ujiumize, nani atajibu ukweli hapo na mwenzake kamkazia macho? Nusu ya darasa walijaza sifuri mstari mzima. Walipoanza kujaza mmoja mmoja pale benchini majibu yalikuwa mengine kabisa.

Na hili la swali la tisa niwasifu kwa dhati. Kanuni yao ni kwamba mtoto akijibu chochote zaidi ya sifuri pale haondoki bila kuongea siku hiyohiyo, habaki peke yake, mwalimu wa malezi anaambiwa, mzazi anapigiwa, na anapewa rufaa. Hawasemi tutaonana Jumatano ijayo. Na wanauliza moja kwa moja bila kuzungukazunguka. Mimi kama wengi wenu nilikuwa na ile hofu kwamba ukimuuliza mtoto habari za kufa unampa wazo, wakatueleza kwamba kumuuliza hakumpandikizii, kunamfungulia mlango wa kusema. Nimeshuhudia mtoto anaulizwa hivyo na mabega yanashuka, yaani unaona kabisa alikuwa anasubiri mtu auulize huo mzigo.

Shirika la Afya Duniani linasema duniani kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Nilipoisikia hiyo kwenye semina niliandika tu kwenye daftari nikapita. Ila Form Three B wako 49. Saba hao. Ukisimama mbele yao unafundisha ramani za kontua unaanza kuangalia, ni nani hao saba, na mara nyingi siyo yule msumbufu unayemfikiria.

Kulikuwa na sanduku la maoni pia. Sanduku la mbao, kufuli, limetundikwa karibu na bomba la maji, ufunguo anao mshauri peke yake (mwanzoni alikuwa nao na makamu, tukapigana hadi akaurudisha). Walitegemea siri nzito, walichopata wiki za kwanza ni maharage. Maharage yana wadudu, maharage hayajaiva, uji hauna sukari, kwa nini walimu wanapikiwa wali. Makamu alicheka sana. Lakini mshauri alizisoma zote, akaona katikati ya maharage kuna kitu kinajirudia, "naombeni tulale". Ratiba yetu ya bweni ilikuwa taa zinazimwa saa nne na nusu usiku baada ya prepo, wanaamshwa saa kumi alfajiri, wajiandae, usafi, mchakamchaka, prepo ya asubuhi. Hesabu hapo, saa tano na nusu, na mtoto wa umri ule anatakiwa kulala saa nane hadi kumi. Halafu tunashangaa wanasinzia kipindi cha kwanza tunawapigisha magoti. Sasa wanaamshwa saa kumi na moja na nusu na prepo ya asubuhi imefutwa. Hilo tu kwangu mimi limelipa miezi kadhaa ya hiyo laki nne, na limetokana na sanduku la maharage.

Sasa twende kwenye mapepo maana najua mnasubiri.

Bweni la wasichana, usiku, wiki moja kabla ya moku ya Form Four. Mmoja alianza kupiga kelele kwamba anakabwa, akaanguka, wa kitanda cha juu naye, baada ya nusu saa wako tisa au kumi chini, wengine wanacheka wengine wanalia, bweni zima linakimbia huku na huku. Tunavyofanya siku zote mnajua, matroni anaita wachungaji, maombi ya sauti kubwa hadi alfajiri, Waislamu wanaita shehe wao, mtu anasema kuna mtoto ana hirizi, masanduku yanapekuliwa, kesho wanapigiwa wazazi wawafuate, na waliobaki wanaanguka kesho yake tena. Safari hii tulikuwa tumeshafundishwa kwa hiyo mimi na mwenzangu wa malezi tulijaribu kile tulichoambiwa. Tuliwatoa wote wasioanguka, tukawapeleka bwaloni na chai ya rangi, hakuna kuangalia. Tukawatenganisha walioanguka, wawili wawili, vyumba tofauti, madirisha wazi, mtu mzima mmoja kila chumba anaongea kwa sauti ya chini, jina lako nani, nipo hapa, vuta pumzi polepole, toa taratibu kuliko ulivyovuta. Yaani kazi yote ni kuondoa watazamaji na kelele. Haikupoa mara moja, mmoja alituchukua karibu saa nzima, ila saa saba usiku wote walikuwa wamelala na kesho yake hakuanguka mtu. Na mchungaji alikuja, hatukumzuia, tulimuomba tu aombe kwa sauti ya kawaida na kwa mmoja mmoja, akakubali, mzee mwenye busara.

Jumatano mshauri alipokuja aliongea na kila mmoja wao peke yake na hakuna hata mmoja aliyeambiwa anaigiza. Hilo alisisitiza sana kwetu walimu, kwamba hawaigizi, mwili kweli unaanguka, ila kinachousukuma ni presha iliyokosa pa kutokea, na inaambukiza kwa kuona na kusikia. Akatukumbusha ya Kashasha, sisi wengi hatukuwahi hata kuisikia wakati ni historia ya nchi yetu hii: Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana kule karibu na Bukoba, watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha, mpaka shule inafungwa mwezi wa tatu walikuwa wameshapatwa wanafunzi 95 kati ya 159, na ikaenda hadi vijijini walikorudishwa. Hapo ndo unaona hasara ya kuwarudisha makwao mbio mbio. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja cha hii huduma nisingependa kikose, ni mafunzo ya usiku ule.

Upande wa walimu. Sesheni ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Ijumaa saa tisa alasiri, watu wana njaa, projekta, slaidi zimeandikwa Kiingereza, picha za wazungu wamekaa mkao wa yoga ufukweni, tunaambiwa tutenge muda wa kujitunza. Mwalimu wa fizikia, mtu mzima, watoto wanne, alinyoosha mkono akauliza, "Samahani dada, hapo kwenye kujitunza kuna hela?" Watu walicheka hadi machozi na sesheni ikafia hapo. Nusu ya walimu waliapa hawarudi.

Ya pili walikuja bila projekta. Viti duara chini ya ule ule mwarobaini, mshauri akauliza swali moja tu, nini kinakunyima usingizi, na akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu hadi ikawa inakera. Halafu mmoja akasema kausha damu. Mnaijua, mkopo wa mtaani, unakopa laki tano unaacha kadi ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia wao ndo wa kwanza kwenye mashine wewe unapewa chenji, na deni haliishi. Aliposema huyo wakasema na wengine, ikaonekana pale kwenye duara siyo wawili siyo watatu. Watu tunaokaa ofisi moja miaka, tunakunywa chai pamoja, hakuna aliyejua. Mwalimu mmoja alisema amekuwa akiingia darasani akiona mtoto anacheka anahisi anachekwa yeye, na fimbo inaanzia hapo. Hilo lilinigusa kuliko slaidi zote.

Mshauri hakujifanya ana dawa ya madeni. Alisema wazi, mimi siwezi kukulipia, ninachoweza ni kukusaidia usibebe hili peke yako na usimtolee mtoto. Lakini kutokana na ile duara walimu wenyewe walianzisha kikoba chao, riba ndogo, na wawili najua wamesharudishiwa kadi zao. Kitu kingine kilichotoka pale ni grupu la Watsapu la shule. Mkuu alikuwa na tabia ya kutuma maagizo saa tano usiku, azimio la kazi kesho saa moja mezani kwangu, na ukiona tiki mbili za bluu hujajibu kesho unaitwa. Sasa imekubalika baada ya saa mbili usiku hakuna ujumbe wa kazi isipokuwa mtoto anaumwa. Mkuu mwenyewe alikuwepo kwenye duara siku hiyo, na baadaye aliniambia na yeye alikuwa hapati usingizi, mwenye shule anampigia kila matokeo ya NECTA yakitoka kuuliza tumekuwa wa ngapi. NECTA wenyewe Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora ila hakuna aliyewaambia wenye shule, mabango ya "Division One 62" bado yananing'inia getini.

Viboko ndo palikuwa na ugomvi wa kweli. Mshauri hakuja kupiga marufuku, alijua asingeweza, alituuliza tu kanuni inasemaje, na tukajikuta wengi hatuijui. Kanuni ya 2002 inasema visizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa kwa maandishi, wa kike achapwe na mwalimu wa kike, na viandikwe kwenye kitabu. Hebu nitajie shule unayoijua inaandika. Mwalimu wa nidhamu alikasirika, akasema mnataka kutuletea Ulaya hapa, na mpaka leo hasemeshani vizuri na yule dada. Kitabu kimenunuliwa, hilo nakiri, kinaandikwa nusu nusu.

Malalamiko yangu mengine kwa kampuni. Kwanza walimbadilisha mshauri katikati ya muhula wa pili bila kutuaga. Jumatano akaja mwingine, kijana wa kiume, mpole, sina neno naye, lakini watoto waliokuwa wameshaanza kufunguka kwa yule dada walijifunga upya, na wasichana watatu hawakurudi kabisa. Nilipopiga simu ofisini kwao niliambiwa "ni mzunguko wa kawaida wa wafanyakazi". Huwezi kumzungushia mtoto aliyekwambia siri ya kubakwa kama unazungusha dereva wa daladala. Pili, likizo hawapo. Jumatano tu, wakati wa masomo tu, na Desemba ndo mtoto anarudi kwenye ile nyumba yenye shida. Tulichoelewana mwishoni ni kuwapa watoto wote namba 116, ile simu ya mtoto ya taifa, ya bure, huhitaji salio, tumeibandika mlango wa bweni na kila choo. Kwa shule za kata msio na laki nne, hiyo hata leo mnaweza kuibandika. Tatu, wanachelewa kuandika rufaa, mara moja tumesubiri barua wiki mbili.

Na rufaa zenyewe wazazi ndo wagumu. Kuna baba mmoja alikuja tumuelezee kwamba binti yake anahitaji kuonwa na daktari, hali chakula, halali, anajifungia chooni. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," "Marahaba mwalimu," tukakaa, mshauri akaeleza vizuri kabisa. Baba akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi nimekuelewa. Ila hapo Mirembe shemeji zangu wanapita kila siku wakienda sokoni. Wakimuona yule ataolewa na nani?" Hakuwa mkali, alikuwa kama anaomba. Mshauri hakubishana naye, alimpa njia nyingine, aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, pale General, mtu akikuona umekaa foleni hajui unaumwa nini. Baba akaenda naye wiki ileile. Binti yuko Form Four sasa, anakula, si muongeaji ila anakula. Mshauri anayejua kumsoma mzazi namna ile unamlipa bila kuguna, tatizo ni kwamba huyo ndo waliyembadilisha.

Kwa hiyo kama proposo imekufika mezani, kabla mkuu hajasaini muulizeni hao watu vitu vichache. Nani atakuja, na atakaa muhula mzima? Iandikwe kwenye mkataba. Ana taaluma ya unasihi au ni mhamasishaji tu, kuna wengi siku hizi wanapiga kelele kwenye maikrofoni wanawaliza watoto kwa pamoja kisha wanaondoka, mtoto anabaki kafunguliwa kidonda na hakuna wa kukifunga, hao msiwape hata nauli. Daftari lake linalala wapi? Letu mwanzoni lilikuwa linalala kwenye kabati la makamu. Na nyie shule muwe mmeshatafuta kona ambayo sauti haivuki, na mwalimu wa zamu aambiwe mapema asisome majina.

Sisi tumekubali kuendelea nao muhula wa Januari, kwa sharti yule dada arudi. Wamekubali kwa simu. Nimemwambia mkuu asitoe hela mpaka waandike.